Je, Mwendelezo Umepungukiwa? Tahakiki ya eFootball 2022 Mbele ya Mtangulizi Wake

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tumechagua kazi isiyo kitabu. Tunahakiki mchezo wa video wa kandanda ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaujua kwa jina fupi la PES, pamoja na mwendelezo wake uliotoka mwaka 2021 kwa jina la eFootball 2022.

Hatufanyi hivyo kwa mzaha. Swali ambalo wachezaji wa mchezo huu wamekuwa wakiulizana ndilo lile lile tunalowapa wanafunzi wetu darasani: kazi ya pili, inayojitangaza kuwa inaendeleza ile ya kwanza, imezidi, imelingana, au imepungua? Na nyuma ya swali hilo limejificha lingine lililo gumu zaidi: tunapima kwa kipimo gani?

Inafaa tutenganishe mapema maana mbili za neno moja. Watu wa kompyuta wakisema mchezo una "maudhui" mengi, wana maana ya vitu vilivyomo: timu, viwanja, mashindano, namna za kucheza. Sisi wa fasihi tukisema maudhui, tuna maana ya dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya kazi. Vitu vilivyomo huhesabika, ilhali maudhui kwa maana yetu hayahesabiki kwa vidole. Ubishi mwingi kuhusu eFootball 2022 umetokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

Mfululizo wenyewe kwa ufupi

Mchezo huu unatengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani. Mizizi yake imo katika mfululizo wa Winning Eleven ulioanza mwaka 1995, na jina la Pro Evolution Soccer, ambalo kifupi chake ndicho PES, lilianza kutumika mwaka 2001. Tangu hapo toleo jipya lilitoka karibu kila mwaka, likiwa na mavazi mapya ya timu, wachezaji waliohama na marekebisho ya hapa na pale.

Kupungua hakukuanza mwaka 2021. Toleo la PES 2014, lililojengwa juu ya mtambo mpya wa programu, lilitoka bila mvua uwanjani na bila nafasi ya mchezaji kujijengea kiwanja chake, mambo ambayo yalikuwamo katika matoleo yaliyotangulia. Mwaka 2018 mkataba wa Konami na UEFA ulimalizika, na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, iliyokuwa pambo kubwa la mchezo huu kwa miaka 10, ikatoweka katika PES 2019. Kwa hiyo mpenzi wa PES alikwisha kuzoea kupokea mwendelezo wenye pengo.

PES 2021, ambayo ndiyo mtangulizi tunayemzungumzia, ilitoka Septemba 2020. Haikujidai kuwa kazi mpya. Konami wenyewe waliitangaza kuwa ni masasisho ya msimu juu ya PES 2020, wakaiuza kwa bei ya chini kuliko ilivyo kawaida, takriban dola 30 za Marekani. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu baadhi ya wanaoisifu leo wanaisifu kana kwamba ilikuwa kilele cha ubunifu. Ilikuwa kazi ya jana iliyopigwa pasi, lakini ghala lake lilikuwa limejaa.

Hesabu ya vitu

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Ndani ya PES 2021 mchezaji alikuta ligi kadhaa, klabu nyingi na timu nyingi za taifa. Alikuta Master League, ambamo mtu anakuwa kocha wa klabu, ananunua na kuuza wachezaji, na kuiongoza timu yake msimu baada ya msimu. Alikuta Become a Legend, ambamo anashika nafasi ya mchezaji mmoja tu na kumkuza tangu akiwa kijana asiyejulikana. Alikuta mashindano ya Euro 2020. Na alikuta sehemu ya uhariri, ambayo tutairudia baadaye kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yetu.

eFootball 2022 ilitoka tarehe 30 Septemba 2021, ikiwa ya bure. Siku hiyo ilikuwa na klabu 9 za kuchezea mechi: Barcelona, Bayern Munich, Juventus, Manchester United, Arsenal, Corinthians, Flamengo, São Paulo na River Plate. Master League haikuwamo. Become a Legend haikuwamo. Sehemu ya uhariri haikuwamo. Hata namba ya toleo, 0.9.0, ilikuwa inatangaza kwamba kazi haijakamilika.

Kwa upande wa fani hali haikuwa nafuu. Mchezo ulihamishiwa kwenye mtambo mwingine wa programu, uitwao Unreal Engine, na katika kuhama huko nyuso za wachezaji mashuhuri zilipotoka, miondoko ikawa ya ajabu, na picha za makosa hayo zikasambaa duniani kote kama vichekesho. Katika duka la Steam, ambako wanunuzi hutoa tathmini zao, mchezo ulishuka hadi mkiani kabisa mwa orodha. Baada ya muda mfupi tu Konami waliomba radhi hadharani. Masasisho ya kwanza yalikuja Novemba 2021, na toleo namba 1.0.0 lilitoka tarehe 14 Aprili 2022, nusu mwaka na zaidi baada ya siku ya kuzinduliwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa kwa robo karne.

Kwa hiyo ikiwa swali ni la hesabu, jibu ni fupi: ndiyo, mwendelezo ulitoka ukiwa na vitu vichache sana kuliko mtangulizi wake. Hakuna haja ya mhakiki kulifikia jibu hilo. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza.

Utetezi wa mwendelezo

Hata hivyo, haki inatudai tusikilize upande wa pili, kwani una hoja zenye uzito.

Hoja ya kwanza inasema kwamba uchache si upungufu. Sisi wa Kiswahili tunaijua vizuri hoja hii. Euphrase Kezilahabi aliandika Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, riwaya nene yenye wahusika na matukio mengi. Mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka 1991 Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo mtu anaweza kuvimaliza kwa siku moja. Yupo mwalimu wa fasihi atakayesema kwamba Mzingile ina maudhui pungufu kwa sababu ina kurasa chache? Hayupo. Wanafunzi wetu hutumia wiki nzima kujadili vitabu hivyo na bado hawavimalizi. Kwa hiyo, wanasema watetezi, mchezo wenye klabu 9 zilizotengenezwa vizuri unaweza kuwa bora kuliko wenye klabu mia zilizorundikwa.

Hoja ni nzuri, lakini haimfai huyu anayetetewa. Kezilahabi alipunguza kurasa ili kuongeza uzito. Kila alichokiacha kilifanya kilichobaki kizame zaidi. eFootball 2022 haikupunguza kwa kuchagua. Mengi yaliyokosekana yalikosekana kwa sababu hayakuwa yameiva, na yaliyobaki nayo yalikuwa mabichi. Ufupi ni mbinu ya utunzi pale tu mtunzi anapojua anachokiacha na kwa nini.

Hoja ya pili inasema kwamba mchezo huu ni wa bure, na asiyelipa hana haki ya kulalamika. Hii nayo inahitaji kuchunguzwa. Mchezo wa bure huishi kwa kuuza vitu vidogo vidogo ndani yake, na katika eFootball biashara hiyo imejengwa juu ya kupata wachezaji wa timu ya ndoto, mara nyingi kwa bahati nasibu. Mnunuzi wa PES 2021 alilipa mara moja akafungiwa hesabu. Mchezaji wa mwendelezo anaingia bila kulipa, kisha mkono unabaki mfukoni muda wote. Rahisi ghali, na ughali huu hauonekani mlangoni.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inasema kwamba mwendelezo ulikua. Timu ziliongezwa, ligi zikarejea, makosa yakapungua, na wachezaji wakarudi kwa wingi. Konami wametangaza kwamba mchezo huu umepakuliwa zaidi ya mara milioni 700. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeuhukumu kwa siku yake ya kwanza, wanasema, ni kama anayehukumu mti kwa kuitazama mbegu.

Tunakubali. Kwa hesabu ya vitu, eFootball ya leo si ile ya Septemba 2021, na si haki kuisimamisha milele pale ilipojikwaa. Lakini kukubali huko ndiko kunakotufikisha kwenye jambo tunalotaka kusema. Ikiwa vitu vilivyokosekana vimeongezwa kwa mamia, kwa nini wachezaji wengi wa zamani bado wanahisi wamenyang'anywa kitu? Tunadhani ni kwa sababu kilichopungua hakikuwa katika orodha ya vitu. Kilikuwa ni fungu la mchezaji mwenyewe.

Fungu la hadhira

Katika fasihi simulizi, fanani hasimulii peke yake. Anapoita "Paukwa!" anasubiri "Pakawa!" kabla hajaendelea. Anaposema "Hadithi! Hadithi!" hadhira humjibu "Hadithi njoo!" Tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba mwitikio huu si pambo: hadhira ni sehemu ya utunzi, na hadithi isiyoitikiwa haijasimuliwa.

PES ilikuwa na "Pakawa" yake, nayo ni ile sehemu ya uhariri. Humo mchezaji aliweza kubadili jina la klabu, rangi za jezi, majina, sura na uwezo wa wachezaji. Kwa kuwa Konami hawakuwa na leseni za klabu nyingi, matoleo mengi yalitoka yakiwa na majina ya kubuni, na wapenzi wa mchezo huu duniani wakageuza upungufu huo kuwa karakana. Kwenye kompyuta na kwenye PlayStation 4 waliweza kuingiza hata picha za nembo na jezi, wakagawiana mafaili yao bila malipo. Hivyo kazi ya Konami ilikamilishwa na hadhira yake, mwaka hadi mwaka.

Jambo hili lina maana ya pekee hapa Rusizi. Ligi ya Rwanda haikuwamo katika PES 2021. Timu ya taifa, Amavubi, haikuwamo. Espoir FC, klabu ya hapa kwetu, haikuwamo, wala OC Muungano na Bukavu Dawa za ng'ambo ya mto. Ramani ya kandanda ya mchezo huo ilikuwa na Ulaya, Amerika ya Kusini na sehemu za Asia, na Afrika ikiwakilishwa na timu chache za taifa. Lakini mlango wa uhariri ulikuwa wazi. Kijana wa Kamembe mwenye subira angeweza kuchukua klabu isiyomhusu, akaivua majina yake, akaivika jina la Espoir, akawaandika humo wachezaji anaowatazama uwanjani, kisha akaiingiza katika Master League na kuipeleka ikapambane na Juventus. Mcheza kwao hutunzwa, na uhariri ulimpa mtu nafasi ya kucheza kwao hata pale ambapo kampuni ya mbali haikujua kwamba kwao kupo.

Mwendelezo ulizinduliwa bila mlango huo. Na hata klabu zilipoongezwa baadaye, ziliongezwa na kampuni, kwa ratiba ya kampuni. Fanani ameendelea na hadithi bila kusubiri kuitikiwa. Hadithi inaweza kurefuka hadi alfajiri, lakini aliyekuwa mshiriki amekuwa msikilizaji tu.

Intaneti na rafu ya vitabu

Kuna sura mbili nyingine za fungu hilo lililopungua.

Ya kwanza ni intaneti. Mwenye diski ya PES 2021 aliweza kukaa na mwenzake, kila mmoja na pedi yake, wakacheza mchana kutwa bila kuunganishwa na chochote isipokuwa umeme. Hivyo ndivyo mchezo huu ulivyoenea katika vibanda vya miji yetu: mashine moja, televisheni moja, wachezaji wawili, na watazamaji kumi wanaosubiri zamu. eFootball 2022 ilitangazwa kuwa inahitaji muunganisho wa intaneti wakati wote wa kucheza. Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi, sharti hilo si dogo. Vitu vilivyomo ndani ya mchezo vinaweza kuwa elfu moja, lakini kifurushi kikiisha vinakuwa sifuri.

Na si fedha tu. Kibandani, watazamaji wale kumi hawakai kimya. Mchezo wenyewe una watangazaji wa lugha kadhaa, na Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za utangazaji katika PES 2021 wala katika mwendelezo wake ulipozinduliwa. Kwa hiyo vijana hujitangazia wenyewe: kona, kuotea, beki amepitwa, mlinda mlango kaduwaa, yote kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda na Kimashi, kama mpaka wetu unavyotaka. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi iliyokifanya lugha rasmi mwaka 2017 tunapaswa kuyathamini mazungumzo hayo, kwa sababu ni Kiswahili kinachozungumzwa bila kusukumwa na mtihani. Mchezo unaomtaka kila mtu awe na simu yake na mpinzani asiyemwona unapunguza jukwaa hilo, hata kama umeongeza klabu.

Ya pili ni kudumu kwa mtangulizi. Mzingile ilipotoka haikuiondoa Nagona rafuni. Muhammed Said Abdulla alianza visa vya Bwana Msa kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaviendeleza katika vitabu kadhaa vilivyofuata. Msomaji aliyeona cha baadaye hakimkoshi alikuwa huru kurudi kwenye cha kwanza na kumkuta Bwana Msa na kiko chake palepale alipomwacha. Katika simu haikuwa hivyo. Mwezi Juni 2022 programu ya PES 2021 ya simu ilisasishwa ikawa eFootball 2022, na toleo la zamani likatoweka chini ya jipya. Kumbuka kwamba hata hiyo ya zamani ilikuwa ya bure katika simu, kwa hiyo hapo mwendelezo hauwezi kujitetea kwa ubure wake. Mwenye diski alibaki na diski yake, ilhali mwenye simu hakuachiwa njia ya kurudi.

Hapo ndipo mwendelezo wa mchezo wa video unapotofautiana na mwendelezo wa kitabu, na ndiyo maana unastahili kuhakikiwa kwa ukali zaidi. Kitabu cha pili kikiwa dhaifu, hasara ni ya kitabu hicho. Mchezo wa pili ukiwa dhaifu na ukamfuta wa kwanza, hasara ni ya vyote viwili.

Hitimisho

Tumeona kwamba kwa hesabu ya vitu eFootball 2022 ilizaliwa ikiwa pungufu kuliko PES 2021, kisha ikaongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Tumeona pia kwamba hesabu hiyo peke yake haitoshi kuihukumu kazi, kwani uchache unaweza kuwa hekima na wingi unaweza kuwa mrundiko. Kipimo tunachokipendekeza ni kingine: mwendelezo umemwachia nini mpokeaji wake akifanye mwenyewe? Kwa kipimo hicho, jibu letu ni kwamba umepungukiwa, na upungufu huo hauzibwi kwa kuongeza klabu. Mchezaji wa PES 2021 aliweza kuirekebisha kazi, kuicheza bila idhini ya mtandao, na kuitunza. Katika mwendelezo uliozinduliwa haki hizo tatu zilihama kutoka mkononi mwake.

Hatuwaambii vijana waache kucheza. Tunawaambia wahakiki wanachokicheza kama wanavyohakiki wanachokisoma. Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu tunaacha maswali haya ya mjadala. Je, nafasi ya hadhira katika mchezo wa video inaweza kuchambuliwa kwa vigezo vya fasihi simulizi, au inahitaji vigezo vyake? Je, ni haki kukihukumu kitu kinachosasishwa kila mara, na kama ni haki, mhakiki asimame kwenye toleo lipi? Na je, ikiwa siku moja kampuni fulani itaingiza ligi ya Rwanda na utangazaji wa Kiswahili, lakini mlango wa uhariri ubaki umefungwa, tutakuwa tumepata zaidi au tumepata pungufu?

Majibu yaletwe ofisini kwa Idara, kwa maandishi na kwa Kiswahili fasaha. Yaliyo bora tutayachapisha katika toleo lijalo.